Kokoto Zilizovikwa Nailoni

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hapakuwa na kitu kilicholaumiwa nchini India kama mfuko wa nailoni. Madaktari wa mifugo walipowapasua ng'ombe wa mitaani, walitoa matumboni mwao marundo ya mifuko iliyosokotana. Mitaro ya maji ya mvua ilikuwa imeziba. Nchi jirani ya Bangladesh, ambayo wakati wa mafuriko makubwa ya mwaka 1998 ilishuhudia maji yakikwama mijini kwa kukosa pa kupitia, ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2002, kabla ya nchi nyingine yoyote kuthubutu. Katika magazeti na televisheni za India wataalamu wakadai serikali yao ifuate njia hiyohiyo.

Mmoja aliyezisikia hoja hizo asikubaliane nazo alikuwa Rajagopalan Vasudevan, profesa wa kemia katika Chuo cha Uhandisi cha Thiagarajar, mjini Madurai. Huu ni mji wa kale wa jimbo la Tamil Nadu, kusini kabisa mwa India, unaojulikana zaidi kwa hekalu la Meenakshi kuliko kwa uvumbuzi wa barabara. Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1957 na tajiri wa viwanda vya nguo, Karumuttu Thiagarajan Chettiar. Mwalimu wa kemia katika chuo cha uhandisi huwa mtu wa pembeni: wanafunzi hupita kwake mwaka wa kwanza wakielekea kwenye madaraja na mitambo, wakamsahau. Huenda ndiyo sababu Vasudevan aliweza kulitazama tatizo bila haraka. Hoja yake ilikuwa kwamba nailoni ni rafiki wa maskini. Maziwa, mafuta ya kupikia, chumvi, shampuu ya kipimo kidogo, vyote humfikia mtu wa kipato cha chini kwa sababu vimefungwa katika kifungashio cha bei ya chini mno. Ukikiondoa, mwenye friji na gari hatapata shida. Atakayepata shida ni yule anunuaye mafuta ya siku moja. Kosa, alishikilia, liko katika jinsi nailoni inavyotupwa.

Hoja ya namna hiyo ni rahisi kuitoa. Vasudevan alikuwa na wajibu wa kuonyesha basi itupwe wapi, na jibu lake alianza kulitafuta mwaka 2001.

Alianzia kwenye lami. Lami ni mabaki mazito ya mafuta ghafi baada ya petroli na dizeli kutolewa, na plastiki nayo ni mtoto wa mafuta hayohayo. Vitu viwili vya ukoo mmoja, mkemia angetarajia, vitashikana. Wazo hilo peke yake halikuwa jipya. Wahandisi wa Ulaya na Marekani walikuwa wakichanganya polima na lami kwa miongo kadhaa ili barabara zisilainike kwenye joto wala kupasuka kwenye baridi. Lakini walitumia polima safi za kiwandani na mitambo maalumu yenye nguvu ya kusaga na kukoroga, kwa sababu plastiki ikitiwa katika lami ya moto haikai. Huelea. Ukiacha kukoroga, hujitenga na kupanda juu. Na hata ukikoroga vizuri, lami hupokea kiasi kidogo tu cha plastiki. Njia hiyo isingeweza kuondoa takataka za mji mmoja, seuze za nchi nzima, na wakandarasi wadogo wa wilayani Tamil Nadu hawakuwa na mitambo hiyo wala fedha ya kuinunua.

Hapo ndipo Vasudevan aligeuza utaratibu. Badala ya kuipeleka plastiki kwenye lami, aliipeleka kwenye kokoto. Kokoto za barabara lazima zipashwe moto kwa vyovyote, kufikia nyuzi 160 au 170 za Selsiasi, ndipo lami imiminwe juu yake. Plastiki laini za mifuko huyeyuka kabla ya joto hilo. Ukizikata vipande vidogo vya milimita chache na kuvirushia juu ya kokoto zinazobingirika ndani ya pipa la mtambo, kwa muda usiofika dakika moja kila kokoto huwa imevikwa ngozi nyembamba yenye mng'ao, kama andazi lililochovywa kwenye shira. Kisha lami inafuata, na sasa haikutani na jiwe bali inakutana na ndugu yake. Hakuna mtambo mpya. Mkandarasi hubaki na pipa lake lilelile, na mtu mmoja mwenye beleshi na gunia la vipande.

Ukitaka kuelewa kwa nini barabara ya aina hii huvumilia, inabidi kwanza ujue adui wa barabara ni nani. Wengi tungesema ni lori lililozidisha uzito, na kweli lori lina dhambi zake, lakini muuaji wa kimyakimya ni maji. Jiwe hupenda maji kuliko linavyopenda lami. Lina vinyweleo, maji yakipenya kupitia ufa mdogo hujipenyeza kati ya jiwe na lami, yakaivua lami kama ngozi ya nyoka. Jiwe likishabaki uchi, gurudumu linalopita hulitoa mahali pake, na shimo limezaliwa. Kokoto iliyovikwa plastiki imezibwa vinyweleo vyake. Katika maabara ya Madurai kokoto hizo ziliwekwa ndani ya maji kwa saa 72, na lami haikubanduka. Mawe hafifu yaliyokuwa yakivunjika mapema katika kipimo cha kugongwa yalistahimili zaidi. Tena plastiki ilichukua nafasi ya sehemu ya lami: kiasi cha asilimia 8 hadi 10 ya uzito wa lami kingeweza kupunguzwa. Kwa kilomita moja ya njia moja ya magari, hesabu ya Vasudevan ilikuwa tani moja ya plastiki kuingia na tani moja ya lami kubaki ghalani. Tani moja ya plastiki ni takribani mifuko milioni moja.

Si kila plastiki ilifaa, na hapa watu wengi huchanganya mambo. Mifuko ya maziwa, vifungashio vya biskuti, vikombe vya chai vya povu, vizibo, vyote sawa. Chupa ya maji ya kunywa haifai kwa urahisi huo kwa kuwa huyeyuka kwa joto la nyuzi 250 na zaidi, na isitoshe chupa ina soko lake. Hakuna mwokota taka mwenye akili timamu atakayeikata kwa ajili ya barabara. PVC, ile ya mabomba na nyaya za umeme, ilikatazwa kabisa, kwani ikipata moto hutoa gesi yenye klorini inayochoma mapafu. Plastiki zilizoruhusiwa hulainika bila kuungua katika joto la mtambo, mradi tu mwendeshaji asilegeze macho kwenye kipimajoto. Sharti hilo la mwisho ni dogo kwenye karatasi kuliko lilivyo kazini.

Mwaka 2002 vipande vya kwanza vya barabara vilitandikwa, kimoja kati yake ndani ya chuo chenyewe. Mwaka huohuo manispaa ya Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu, ilikubali kujaribu katika mtaa wa Jambulingam ulioko Nungambakkam, eneo la maduka na ofisi lisilopumzika. Uchaguzi wa Chennai ulikuwa mtihani halisi. Sehemu kubwa ya India hunyeshewa katikati ya mwaka, lakini Chennai hupata mvua zake nyingi kuanzia Oktoba hadi Desemba, upepo unapogeuka kuwa kaskazi, ule ule ambao kwa karne nyingi umeyasukuma majahazi ya Bara Hindi kuelekea Mombasa na Zanzibar. Mvua hizo huja kwa vishindo, na zikiondoka huacha mitaa ya mji imejaa mashimo. Jambulingam haikupata mashimo mwaka wa kwanza. Wala wa pili.

Wakati huohuo, umbali wa kilomita mia nne na ushei kutoka Madurai, jambo kama hilo lilikuwa likifanyika mjini Bangalore kwa sababu tofauti kabisa. Ahmed Khan na nduguye Rasool Khan walikuwa wenye kiwanda cha mifuko ya plastiki. Hasira za umma ziliwalenga watu kama wao. Mtengenezaji wa mifuko ambaye mji wake umeanza kuzungumzia marufuku ana mambo mawili ya kufanya: kuajiri wakili, au kutafuta kazi ya pili kwa mfuko baada ya kutupwa. Walichagua la pili, wakashirikiana na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Bangalore waliopima mchanganyiko wao, na kuanzia mwaka 2002 barabara kadhaa za mji huo zilitandikwa lami yenye plastiki. Kampuni yao ilinunua plastiki kutoka kwa waokota taka kwa bei ya kilo, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya kwa nailoni laini. Chuma kilikuwa na mnunuzi, karatasi ilikuwa na mnunuzi, chupa ilikuwa na mnunuzi. Mfuko uliochafuka haukuwa na mnunuzi hata mmoja, ndiyo maana ulibaki mitaroni.

Kwa maoni yangu hapo ndipo historia hii inapokaa, kuliko kwenye maabara. Kemia yake ilieleweka mapema na ingeweza kuelezwa kwa nusu saa ubaoni. Kilichochukua miaka ni swali la nani atainama kuuokota mfuko, nani atauosha, nani ataukausha, nani ataukata, na kwa ujira gani.

Tamil Nadu ilijibu swali hilo kwa namna yake. Serikali ya jimbo, iliyoongozwa wakati huo na Waziri Kiongozi Jayalalithaa, ilivutiwa na ugunduzi wa Madurai, na idara ya maendeleo ya vijijini ikaanza kuutumia katika barabara za wilaya. Vijijini tayari kulikuwa na vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Baadhi ya vikundi hivyo vilipewa mashine za kukatia plastiki. Akina mama wakakusanya, wakachambua, wakakata, wakauza vipande kwa idara kwa ajili ya barabara. Msomaji anayefahamu vikoba vya kwetu ataona mara moja kwa nini mpango ulishika: kikundi kilikuwa na daftari lake, mweka hazina wake na nidhamu yake kabla plastiki haijafika. Ukijenga kiwanda kipya cha kuchambua taka kwa fedha ya wafadhili, mara nyingi fedha ikiisha kiwanda hufungwa. Kikundi cha wanawake ambacho kimekopeshana kwa miaka hakifungwi kwa urahisi namna hiyo.

Mwaka 2006 chuo kilipata hataza ya njia yake, na Vasudevan akakubali serikali za India ziitumie bila kumlipa. Rais wa India wa wakati huo, A.P.J. Abdul Kalam, mwanasayansi wa roketi na mzaliwa wa Rameswaram katika jimbo hilohilo, alikuwa miongoni mwa waliomtia moyo. Lakini sifa za rais hazitandiki barabara. Wahandisi wa serikali ni watu wa kanuni, na wana haki: barabara ikivunjika wao ndio huitwa na wakaguzi. Walitaka vipimo.

Vipimo vilikuja mwaka 2008. Bodi Kuu ya Kudhibiti Uchafuzi ya India ilichapisha tathmini ya barabara tano zilizojengwa mwaka mmoja mmoja mfululizo: Jambulingam ya Chennai ya mwaka 2002, Veerabadhra ya mji wa Erode ya 2003, Vandiyur ya Madurai ya 2004, Vilachery ya 2005, na njia ya kantini ndani ya chuo ya 2006. Zilipimwa pamoja na barabara ya kawaida ya lami ya mwaka 2002 ili kulinganisha. Watafiti walipima ukwaruzo wa uso, jinsi barabara inavyobonyea chini ya uzito, ulaini wake, msongamano wake. Barabara za plastiki hazikuwa na mashimo, hazikuchimbika mikondo ya magurudumu wala hazikumwaga kokoto zake pembeni. Ile ya kawaida, yenye umri sawa na Jambulingam, ilikuwa imechoka. Wakati ripoti inatoka, pipa la mafuta ghafi lilikuwa limepanda mwaka huohuo hadi karibu dola 147, na lami hufuata bei ya mafuta. Ghafla asilimia nane ya lami ilikuwa fedha ya kuzungumziwa na maofisa wa hazina pia.

Mwaka 2011 mji wa Jamshedpur, uliojengwa kuzunguka kiwanda cha chuma cha Tata, ulianza kutandika barabara zake kwa njia hiyo kupitia kampuni tanzu ya Tata inayoendesha huduma za mji. Mwaka 2013 Indian Roads Congress, chombo cha wahandisi wa barabara kilichoanzishwa mwaka 1934 enzi za ukoloni wa Uingereza, kilitoa mwongozo rasmi: aina za plastiki, ukubwa wa vipande, joto, kiasi. Tangu hapo mhandisi wa wilaya aliyetaka kutumia plastiki alikuwa na kitabu cha kumwonyesha mkaguzi.

Kisha, Novemba 2015, serikali kuu ikapiga hatua ambayo hakuna aliyeitarajia upesi hivyo. Wizara ya barabara iliamuru kwamba matumizi ya taka za plastiki yawe ya lazima katika tabaka za lami za barabara kuu zilizo ndani ya kilomita 50 kutoka kwenye mji wenye watu zaidi ya 500,000. Ndani ya agizo hilo kulikuwa na kifungu kinachostahili kusomwa mara mbili: mkandarasi akikosa taka za plastiki, aombe kibali cha wizara ili atumie lami peke yake. Nchi iliyokuwa ikizama katika nailoni iliona haja ya kuandika kanuni ya upungufu wa nailoni! Wala waandishi wa kanuni hawakukosea. Plastiki iliyolala jalalani, imechanganyika na maganda ya ndizi na mchanga, si malighafi bado. Huwa malighafi ikishapita mikononi mwa mtu, na palipokosekana watu hao wakandarasi walikosa mzigo. Nashuku pia kwamba wapo wakandarasi ambao barabara isiyotoboka haiwapendezi sana, kwa vile barabara isiyotoboka haina zabuni ya matengenezo; lakini hilo ni jambo ambalo mtu hunong'onezwa tu, haliandikwi kwenye ripoti.

Siku chache baada ya agizo, mwanzoni mwa Desemba 2015, Chennai ilikumbwa na mafuriko mabaya ambayo mji haukuwa umeyaona kwa miongo mingi. Maji yalifunika uwanja wa ndege. Yalipopungua, mitaa ilikuwa imechunika, na waandishi wa habari waliokwenda Jambulingam waliikuta mahali pake, haina mashimo, ikiwa na umri wa miaka 13. Tangu hapo mtaa huo umekuwa shahidi anayeitwa katika kila kesi ya barabara za plastiki. Lakini mtaa mmoja wa mjini hauwezi kusema kwa niaba ya maelfu ya kilomita zilizotandikwa baadaye na watu wasiokuwa na profesa pembeni.

Simulizi zikavuka bahari. Toby McCartney, Mskoti aliyewahi kufanya kazi India, aliona watu wakijaza mashimo ya barabara kwa plastiki kisha wakaichoma moto iyeyuke humo. Mwaka 2016 yeye na wenzake walianzisha kampuni ya MacRebur huko Lockerbie, inayotengeneza chembe za plastiki za kuchanganya na lami. Waholanzi walikwenda njia nyingine, wakaachana na lami yenyewe: Septemba 2018 walifungua mjini Zwolle njia ya baiskeli ya mita 30 iliyoundwa kwa vipande vya plastiki vilivyo wazi ndani ili maji ya mvua yapite. Vasudevan naye mwaka huo wa 2018 alipewa nishani ya Padma Shri, mojawapo ya heshima kubwa anazopewa raia wa India.

Kuliko hayo yote, mimi huvutiwa na yaliyotokea Kollam, bandari ya wavuvi katika jimbo la Kerala. Wavuvi wa huko walikuwa wakivuta nyavu zilizojaa plastiki na kuitupa tena baharini, kwa kuwa boti ni ya samaki. Mwaka 2017 serikali ya jimbo ilianzisha mpango pamoja nao: kila boti ipewe mifuko ya nyavu, iirudishe ikiwa na taka. Katika miezi 10 ya kwanza ziliopolewa tani 25. Bandarini Neendakara wanawake karibu 30 waliajiriwa kuichambua, kuiosha na kuikata, na vipande vyake vikauzwa kwa wajenzi wa barabara. Chumvi ya bahari na nyuzi za nyavu zilizochakaa zilifanya kazi hiyo kuwa nzito kuliko ile ya jalalani, na sehemu kubwa ya mzigo, zikiwemo kamba na nyavu, haikuwa mifuko hata kidogo.

Wapinzani hawakukosekana, na wana hoja zenye uzito. Gurudumu hukwangua barabara kila siku. Chembe zinazokwanguka humo zina plastiki, na mvua huzipeleka mtoni. Watetezi husema plastiki imefungwa kati ya jiwe na lami, na matairi yenyewe humwaga chembe nyingi zaidi. Vipimo vya muda mrefu vinavyoweza kuumaliza ubishi huo ni vichache mno ukilinganisha na urefu wa barabara zilizokwisha kutandikwa. Zaidi ya hapo liko swali la moshi unaomfikia kibarua aliyesimama juu ya mtambo, ambaye hakutajwa sana katika mikutano ya wataalamu. Na wapo wanaosema barabara imempa mtengenezaji wa plastiki kisingizio cha kuendelea kutengeneza.

Nchi zetu hazikusubiri ubishi huo uishe. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya ikafuata Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Tamil Nadu yenyewe, nyumbani kwa kokoto zilizovikwa, nayo ikageuka. Juni 2018, miezi michache tu baada ya Vasudevan kupewa nishani yake, serikali ya jimbo ilitangaza kwamba plastiki za kutumika mara moja zitapigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 2019: mifuko ya kubebea, sahani, vikombe, mirija. Vifungashio vya maziwa, mtindi, mafuta na dawa viliachwa nje ya katazo, kwa sababu ileile aliyoitaja profesa alipoanza, kwamba hakuna kibadala ambacho mnunuzi mdogo angekimudu. Vifungashio hivyo ni nailoni laini ambayo huyeyuka vizuri juu ya kokoto, na vyote huhitaji kuoshwa kabla ya kukatwa.